Kidole Gumba na Breki Tatu

Jioni moja chini ya kilima cha Bunena, pale miamba ya Bukoba inapoingia ziwani, mzee mmoja mvuvi kutoka kisiwa cha Ikuza aliniomba aishike fimbo yangu. Tangu ujana wake amevua kwa mshipi wa mkono, ule unaoviringishwa kwenye kipande cha ubao na kuvutwa kwa vidole. Aliipokea fimbo kwa mikono miwili. Hakugusa hendeli wala vifundo vinavyong'aa pembeni. Aliweka kidole gumba juu ya uzi uliojaa kwenye bobini, akakandamiza, akalegeza, akakandamiza tena.

"Kumbe samaki anashikwa hapa," alisema.

"Hapo hapo, mzee."

"Na hiki cha kuzungushia, mbona wamekiweka upande mmoja tu? Mimi nina mikono miwili."

Alikuwa ameuliza, bila kujua, swali ambalo vijana wa Bukoba na Muleba huniuliza kila wanapoletewa rili na ndugu aliyetoka nje ya nchi, au wanapoiagiza wenyewe. Kifaa kinafika na maelezo ya Kijapani na Kiingereza. Kinafungwa kwenye fimbo, kinarushwa mara tatu, uzi unazongana hadi bobini inafanana na sufi iliyotoka kwenye mto, na jioni kinawekwa juu ya kabati. Hapo ndipo kinapobaki. Inaniuma, kwa sababu ubovu haumo ndani ya rili.

Tuanze kwa kutofautisha. Rili inayoonekana zaidi madukani huning'inia chini ya fimbo. Bobini yake hutulia tuli wakati wa kurusha, na uzi hupukutika tu kutoka ukingoni. Hiyo niiite rili ya chini. Ninayoizungumzia leo, ambayo wauzaji huiita beitikasta, hukaa juu ya fimbo, na bobini yenyewe huzunguka unaporusha, kama gogo la kisima linavyozunguka ndoo inaposhuka. Hii ni rili ya juu. Faida yake ni nguvu na usahihi: uzi unatoka na kurudi ukiwa umenyooka, bila kupinda kona, kwa hiyo inaweza kubeba mshipi mnene na kumkokota samaki mzito kutoka kwenye mawe. Kwa sangara, hilo si jambo dogo.

Waliobuni rili hizi walikuwa mafundi saa. George Snyder wa mji wa Paris, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, alizitengeneza mwanzoni mwa karne ya 19, akiweka gia ili mzunguko mmoja wa hendeli uizungushe bobini mara kadhaa. Kampuni ya Abu ya Svängsta, Sweden, iliyokuja kujulikana kwa rili zake za Ambassadeur, nayo ilianza mwaka 1921 kama kiwanda cha saa. Ukiifungua rili ya juu utaelewa kwa nini. Mle ndani hakuna kitu kinachovumilia mchanga wala haraka.

Sasa hesabu moja, maana bila hiyo vifundo vyote vitabaki mapambo. Bobini ya kawaida ikiwa imejaa uzi ina kipenyo cha kama sentimita 3.4. Mzunguko wake mmoja hutoa uzi wa sentimita 10.7 hivi. Chambo kikiondoka kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, ambao ni kilometa 72 kwa saa, mwendo wa gari lililochangamka kwenye lami ya kwenda Muleba, bobini inalazimika kuzunguka zaidi ya mara 11,000 kwa dakika. Halafu chambo kinaanza kupungua mwendo hewani, kwa sababu hewa inakizuia. Bobini haina habari hizo. Inaendelea kuzunguka kwa kasi ile ile ya mwanzo, ikitema uzi ambao hakuna anayeuvuta. Uzi huo hauna pa kwenda. Unajikunja juu ya bobini, mkunjo unamezwa na mkunjo mwingine, na mzongano umezaliwa katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kila breki iliyomo katika rili ya juu, isipokuwa moja, ipo kwa ajili ya kuizuia bobini isikimbie kuliko chambo.

Breki ya kwanza ni kikazio, kifuniko kidogo cha mviringo upande ule ule wa hendeli. Ukikikaza, kinabana ncha ya mhimili wa bobini. Namna ya kukipanga ni hii: funga chambo utakachotumia, shika fimbo ikiwa imelala usawa, bonyeza kitufe cha kuachia, kisha ondoa kidole gumba. Chambo kishuke polepole, kama mtu anayeteremka ngazi za mawe zenye utelezi. Kikigusa chini, bobini isimame au isogee kidogo tu. Kikidondoka kama embe bivu, kaza. Kisiposhuka kabisa, legeza. Ukibadilisha chambo, rudia. Watu wengi hupanga mara moja nyumbani, kisha wanatoa chambo cha gramu 30 na kuweka cha gramu 12 wakishangaa mzongano umetoka wapi.

Breki ya pili ni ya kurusha, na imo upande usio na hendeli. Kuna za aina mbili. Ya kwanza ina vipande vidogo vya plastiki vilivyofungwa kwenye bobini. Bobini ikizunguka kwa kasi, vipande hivyo husukumwa nje na kusugua ukuta wa duara, kama viatu vya breki vinavyotanuka ndani ya gurudumu la pikipiki. Nguvu yake hukua kwa mraba wa mwendo: kasi ikiongezeka maradufu, mbano unakuwa mara nne. Kwa hiyo hubana sana mwanzoni mwa safari ya chambo na karibu kuacha kabisa mwishoni. Aina ya pili hutumia sumaku, ambazo hazigusi bobini hata kidogo. Alumini ikizunguka mbele ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani yake na kuupinga mzunguko. Breki hii huwa na kirungu cha nje chenye namba, na mbano wake hupungua taratibu hadi chambo kinapotua. Kwa anayeanza, mimi hupendekeza ya sumaku, kwa sababu unaweza kuigeuza bila kufungua kitu chochote ukiwa umesimama kwenye jiwe lenye maji.

Na utaigeuza, hasa hapa kwetu. Ufukwe wa Bukoba unatazama mashariki. Jua likishapasha nchi kavu, upepo wa ziwani huja moja kwa moja usoni kwa mtu anayerusha kutoka ufukweni. Alfajiri mara nyingi hewa imetulia, au inatoka migombani kuelekea majini, nayo inakusaidia. Mpangilio uliofanya kazi saa 12 asubuhi pale Nyamukazi utakuzonga saa 9 alasiri mahali pale pale, na chambo kile kile. Upepo ukigeuka, ongeza breki namba mbili au tatu, rusha chini kidogo, na usione aibu kupoteza mita kumi.

Kwa mtu mgeni ninashauri aanze na breki hii karibu na mwisho wake, kisha aishushe namba moja kila mara kidole chake kinapozidi kuzoea. Kidole ndicho kinachozoea, kwa sababu breki zote mbili haziwezi kujua jambo moja muhimu kuliko yote: chambo kitatua lini. Jicho lako ndilo linalojua. Kabla tu chambo hakijagusa maji, kidole gumba lazima kishuke juu ya bobini na kuisimamisha. Wakati wote chambo kikiwa hewani, kidole kielee juu ya uzi, kikiupapasa kwa wepesi wa mtu anayeonja joto la kikombe cha uji. Uzi ukianza kuvimba, utausikia kwenye ngozi kabla hujauona.

Mzongano ukitokea, usikimbilie kisu. Kandamiza bobini kwa nguvu kwa kidole gumba, zungusha hendeli mara mbili tatu ukiwa umekandamiza hivyo, kisha bonyeza kitufe cha kuachia na uvute uzi taratibu. Mikunjo mingi itanyooka. Rudia. Nimeokoa hivyo mizongano ambayo wenyewe walikwisha kuitolea hukumu.

Breki ya tatu ni nyota, ile yenye miale mitano hivi kati ya hendeli na mwili wa rili. Hii ndiyo niliyosema haihusiani na kurusha. Ni breki ya samaki. Ndani yake kuna visahani vinavyobanana. Samaki akivuta zaidi ya kiwango ulichoweka, visahani huteleza na kumpa uzi kabla haujakatika. Wavuvi wa mshipi wa mkono wanaifahamu kazi hiyo kwa vidole vyao, na alama zake wanazo kwenye ngozi. Kwa rili, kiwango kinapimika, na kipimo kipo kila mwalo: mizani ya kuning'iniza ya mnunuzi wa samaki. Funga mshipi kwenye ndoana ya mizani, shika fimbo kama unavyopigana na samaki, mwombe mwenzako avute mizani polepole, na usome kilo pale nyota inapoanza kutoa uzi. Mshipi wenye uwezo wa kilo 13 au 14 uuweke utoe kwenye kilo tatu na nusu, usizidi nne. Ni kama robo ya nguvu yake. Wengi wakisikia robo wanaona ni woga. Lakini fikiria sangara akikimbia na nusu ya uzi wako: bobini imepungua, na kipenyo kikifika nusu ya kile cha mwanzo, nyota ile ile ambayo hujaigusa inamvuta kwa nguvu maradufu. Ongeza msuguano wa fimbo iliyopinda, ongeza samaki anayeruka juu ya maji akitikisa kichwa kwa hasira. Ile robo imekwisha kuwa kitu kingine.

Sangara mwenyewe aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960, kutokea upande wa Uganda. Anastahili kuheshimiwa unapopanga vifaa. Rekodi ya dunia ya waliomvua kwa fimbo ni kilo 104.32, samaki aliyepatikana Ziwa Nasser nchini Misri mwaka 2000. Ukingo wa mfuniko wa matamvua yake una miiba na makali yanayokata uzi mwembamba, kwa hiyo mita moja ya mwisho iwe ya nailoni nene. Na kama mshipi wako ni wa kusuka, anza kuijaza bobini kwa mizunguko michache ya nailoni, la sivyo uzi wote utateleza juu ya chuma laini huku ukidhani nyota ndiyo mbovu.

Tufike kwenye mikono.

Kiswahili kina msimamo wake katika jambo hili. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, na wengine huuita wa kuume. Wa kushoto huitwa wa kike. Watoto wa mashoto wengi wa rika langu walilazimishwa darasani kuhamishia kalamu upande wa pili. Kwa hiyo mtu akitaka rili huuliza, "Mimi natumia kulia, ninunue ya kulia?" Swali limekaa vibaya, kwa sababu kuvua kwa fimbo ni kazi mbili, na kila mkono unapewa yake. Mmoja unarusha na kuibeba fimbo. Mwingine unazungusha. Rili ikiitwa ya kulia, maana yake hendeli iko kulia, basi. Haisemi lolote kuhusu mkono unaorusha. Na tofauti na rili ya chini, ambayo hendeli yake hufunguliwa na kuhamishwa upande, rili ya juu haigeuziki. Gia zimejengwa upande mmoja, na jibu la swali la mzee wa Ikuza ni hilo. Ukikosea dukani umekosea moja kwa moja, kwa hiyo soma namba kabla ya kulipa: katika Ambassadeur, 6500 ina hendeli kulia na 6501 ina hendeli kushoto.

Desturi ya zamani ilikuwa hivi: mtu wa kulia anarusha kwa kulia, kisha anaihamishia fimbo mkono wa kushoto, na kuzungusha kwa kulia. Nilivua hivyo miaka mingi kwa sababu rili niliyopewa ilikuwa hivyo. Sikuliona tatizo hadi asubuhi moja kwenye mawe ya karibu na Kemondo. Chambo kilitua, nikainua kidole gumba ili nihamishe fimbo, na katika nusu sekunde ile fimbo ikiwa haina mwenyewe, sangara alikigonga. Bobini haikuwa na kidole juu yake. Hendeli ilikuwa haijazungushwa, na hadi izungushwe gia hazishiki. Uzi ulilipuka. Nilibaki na mkunjo wa nailoni mkononi na maji yaliyochafuka mbele yangu.

Chambo kinachotua majini ni furu aliyejeruhiwa machoni pa sangara, na mara nyingi anakigonga kikiwa bado kinazama. Ndiyo maana, kwa anayesimama ufukweni au juu ya jiwe na kurusha siku nzima, mimi nasema: ukirusha kwa kulia, nunua yenye hendeli kushoto. Kidole gumba kilichokisindikiza chambo hewani ndicho kinachokipokea majini, ndicho kinachobaki juu ya bobini samaki akigonga. Hakuna makabidhiano. Mwenye mashoto atafanya kinyume, na ana bahati yake, maana zenye hendeli kulia ndizo zilizojaa madukani.

Watu hunijibu kwamba mkono wa kushoto utachoka. Hebu tupige hesabu. Rili ya gia 6.3 kwa 1 huvuta sentimita 67 kila ukizungusha hendeli mara moja. Umerusha mita 40, basi ni mizunguko kama 60. Ukirusha mara 150 kwa siku, umezungusha mara 9,000. Ni nyingi, ndiyo, lakini ni nyepesi. Mzigo mzito unabebwa na mkono wa fimbo: kurusha mara 150, kuishikilia fimbo saa zote, na kumhimili samaki anapochimba chini. Kwa nini uupe mkono dhaifu kazi nzito, na wenye nguvu kazi ya kuzungusha?

Hata hivyo kuna mahali nabadilisha kauli bila kusita. Ukiwa kwenye mtumbwi kati ya visiwa vya Bumbire na Goziba, unavuta chambo kikubwa nyuma ya injini, hurushi kitu. Fimbo imelala kwenye ukingo wa mtumbwi. Akigonga sangara wa kilo 40, kazi ni kunyanyua fimbo, kuishusha na kuzungusha, kunyanyua, kushusha na kuzungusha, kwa dakika nyingi, na hapo hendeli ndiyo winchi yako. Mtu wa kulia achukue ya kulia, tena yenye gia ya taratibu, kama 5.3 kwa 1, inayozungushika hata samaki akiwa amening'inia moja kwa moja chini ya mtumbwi.

Kama bado hujui mkono wako wa kushoto una adabu gani, usinunue kwanza. Pindua baiskeli miguu juu. Zungusha pedali kwa mkono wa kushoto kwa dakika tatu, huku wa kulia umenyoosha dumu la lita tatu lenye maji. Angalia maji. Yakitikisika kwa kila mzunguko, mkono wa kushoto unauyumbisha mwili mzima, na chambo chako nacho kitayumba hivyo. Fanya hivyo kila jioni kwa wiki mbili kisha uangalie tena. Niliowapa zoezi hili wengi wao walishangaa jinsi mkono unavyojifunza haraka.

Mazoezi ya kurusha yafanyie uwanja wa mpira, ukiwa na chubwi badala ya ndoana, ili usimjeruhi mtoto wa mtu. Ukienda ziwani, pitia kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize leseni, hata kama unavua kwa burudani tu. Sangara wa chini ya sentimita 50 arudishwe majini, na sato wa chini ya 25 vilevile. Jioni futa rili kwa kitambaa kibichi, tone moja la oili kwenye beringi, grisi kwenye gia pekee, na kamwe usiiguse sehemu vinaposugua vile vipande vya plastiki. Legeza nyota kabla ya kuiweka, visahani visilale vimebanwa.

Yule mzee nilimfungia chubwi ya gramu 20, nikaweka breki ya sumaku kwenye namba 8, nikamwonyesha kitufe cha kuachia. Alirusha kwa kulia, mita 15 hivi, na kidole kikashuka juu ya bobini sekunde ile ile chubwi ilipogusa maji. Hakuna uzi uliovimba. Alizungusha hendeli kwa kushoto hadi mwisho, akaitazama fimbo, kisha akaihamishia mkono wa kushoto na kurusha tena bila kunitaarifu. Kidole gumba cha upande ule nacho kilishuka kwa wakati. Nilipomuuliza angechagua ipi, alivitazama vidole gumba vyake vyote viwili, vyenye mifereji ile ile iliyochorwa na nailoni.

"Nipe yoyote," alisema. "Ila hiyo namba nane, punguza."